Jinsi ya kufundisha maadili ya tiba wodini: mwongozo kamili kwa mkufunzi wa Mombasa

Wakufunzi wanaoniandikia hulalamikia jambo moja. Mwanafunzi aliyepata alama themanini katika karatasi ya maadili anafika wodini, anafunua shuka la mgonjwa bila hodi, anadunga, anaondoka. Ukimuuliza ridhaa ni nini, atakupa fasili nzuri kuliko yako. Kwa Kiingereza.

Tatizo liko hapo. Maadili ameyasoma kwa lugha ya mtihani, naye mgonjwa anaishi kwa Kiswahili, Kigiriama, Kidigo au Kikamba. Mwanafunzi anayajua maadili lakini hana maneno ya kuyasema, wala sikio la kusikia anachojibiwa. Mwongozo huu ni wa kumpa vyote viwili. Unamfaa anayefundisha wauguzi, maafisa wa kliniki au madaktari, na kazi yenyewe ni ya wiki tatu, saa mbili kila wiki.

## Vinavyohitajika

- Wanafunzi wanane, wasizidi kumi. Wakifika ishirini, nusu watajificha nyuma ya wenzao.
- Chumba chenye mlango unaofungika. Chumba cha chai hakifai. Kila dakika mtu ataingia kutafuta sukari.
- Kisa kimoja cha kweli kutoka wodi yenu.
- Fomu ya ridhaa inayotumika kwenu, ile ile, hata kama imefifia kwa kunakiliwa.
- Kurasa chache zilizochapishwa: Katiba ya 2010, vifungu vya 28, 31, 43 na 53, Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya haki na wajibu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019.
- Daftari dogo la kila mwanafunzi, lisilo la wodi.
- Mwigizaji wa mgonjwa.

Huyu wa mwisho ndiye usimkose. Tafuta mama mtu mzima wa mtaani, asiye na kazi hospitali, asiyejuana na mwanafunzi yeyote. Mlipe nauli na mlipe muda wake. Niliwahi kumtumia muuguzi kwa kubana matumizi, akawa anamsaidia mwanafunzi kila anapokwama. Igizo lilikwenda vizuri sana na halikufunza kitu.

Projekta haihitajiki. Ukiiwasha, watatazama ukutani badala ya kumtazama mama.

## Hatua ya 1: Chagua kisa kidogo

Wengi huanzia mbali: kumsaidia mgonjwa kufa, kupandikiza figo, mashine moja ya kupumulia na wagonjwa wawili. Ni mijadala mitamu, na wanafunzi huipenda kwa sababu haiwahusu. Kesho asubuhi watakutana na haya:

- Binti wa mgonjwa anakuvuta kando: "Daktari, majibu ya saratani yakija usimwambie mama. Tuambie sisi."
- Mzee wa sukari anataka kufunga Ramadhani yote na hataki kuongezwa neno.
- Familia inataka kuzika kabla ya alasiri, polisi wanataka maiti ichunguzwe kwanza.
- Mwanamke aliyejifungua ameruhusiwa kwenda nyumbani, ila bili haijalipwa.
- Mwanafunzi amepiga picha ya kidonda na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Chukua kimoja tu. Hapa natumia kingine, cha sita, maana ndicho kinachowaangusha wengi: mtoto wa miaka miwili ana homa na degedege, anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane kama ana homa ya uti wa mgongo, na mamake anaogopa.

Onyo. Kufuta jina hakutoshi. Mombasa watu wanajuana. Ukisema "mke wa nahodha wa Mji wa Kale aliyelazwa wiki ya Maulidi", jina hukulitaja na kila mtu amemjua. Badilisha mtaa, badilisha kazi, badilisha idadi ya watoto, ubakishe kile kinachobeba swali. Kisha msomee mtu wa wodi nyingine. Akisema "ah, yule!", rudi ukabadilishe tena.

Utajua umefaulu kisa kikitosha nusu ukurasa na ukikisoma kwa sauti mtu anauliza: "Sasa wewe ulifanyaje?"

## Hatua ya 2: Zungumza na sista mkuu

Mweleze siku, saa na idadi ya wanafunzi, umwahidi kwamba hakuna atakayekaribia mgonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe kukubali. Muulize pia ni kisa gani kinachomkera yeye. Wauguzi wanakaa na wagonjwa usiku kucha, na orodha yao ya makosa yetu ni ndefu. Mimi kisa hiki nilikipata kwa sista.

Usipange somo Ijumaa mchana. Nusu ya kundi iko msikitini na nusu nyingine inatazama saa.

## Hatua ya 3: Tengenezeni kamusi ya wodi

Somo la kwanza ni la maneno. Wape wanafunzi istilahi kumi wanazotumia kila siku, kila mmoja aziseme kama angemwambia nyanyake. Wataanza kwa kucheka, kisha watanyamaza, kwa sababu hawawezi.

Waonyeshe mitego. Hii nimeiona ikidhuru watu:

*Kupima.* Kwa daktari ni kupima chochote. Kwa wengi mtaani, "twende ukapimwe" ni virusi vya UKIMWI, basi. Taja kinachopimwa na kwa nini.

*Kufunga kizazi na kupanga uzazi.* Mwanamke anayetaka kupumzika miaka miwili anaweza kuitikia neno la kwanza akidhani ni la pili. Sema waziwazi: "Ukifanyiwa hivi, hesabu kwamba hutazaa tena." Kisha nyamaza, umpe nafasi.

*Degedege.* Kwako ni mtukutiko wa mwili kwa sababu ya homa. Kwa familia nyingi za Pwani ni ugonjwa wenye asili yake na waganga wake. Neno ni moja, magonjwa ni mawili, na mwaweza kuzungumza robo saa nzima bila kukutana.

*Damu kidogo.* Kidogo ni kiasi gani? Pwani hii watoto wamekua wakitishwa na mumiani, mnyonya damu wa kwenye hadithi, na hofu ile haifi kwa sababu mtu amevaa koti jeupe. Sema "kijiko kimoja cha chai", mwonyeshe kichupa, mwambie damu inakwenda wapi na itatupwa lini.

Sasa geuza upande. Mgonjwa anaposema "sawa daktari", "haya", "inshallah" au "mnavyoona nyinyi", anasema nini? "Sawa" yaweza kuwa ndiyo, na yaweza kuwa "nimekusikia, niache". "Inshallah" ya mama aliyeinamisha macho mara nyingi ni hapana yenye adabu. Mtu mzima wa Pwani hakukatalii usoni, hasa ukiwa umesimama naye amelala. Mwanafunzi asiyelijua hili atajaza fomu kwa ridhaa ambazo hazikutolewa.

Utajua umefaulu wakianza kubishana wao kwa wao kuhusu neno moja. Kundi langu moja lilibishania "nusukaputi" nusu saa, na sikuwakatiza.

## Hatua ya 4: Igizo la kwanza, liache liharibike

Wiki ya pili mlete mama. Mpe maelezo matatu pekee: mwanao anaumwa, unaogopa sindano ya mgongo kwa sababu mtoto wa jirani alidungwa akafa, na jana jioni mlimpeleka kwa mzee wa dawa lakini hutalisema hilo mpaka uulizwe vizuri.

Mwite mwanafunzi mmoja, mpe fomu na dakika tano. Kwa kawaida huenda hivi:

— Mama, tunataka kumtoa mtoto maji kidogo mgongoni tuyapime. Ni kitu cha kawaida. Weka sahihi hapa.
— Sawa.

Dakika moja haijaisha. Usimkosoe. Mgeukie mama, umuulize ameelewa nini. Mama wetu alijibu: "Nimeelewa mwanangu atatolewa maji. Lakini mimi nimemleta na homa, sikumleta na maji." Darasa zima liliinama.

Sababu. Ukianza na mfano mzuri, kila mmoja ataamini angefanya vivyo hivyo. Lazima waone sahihi ikipatikana bila ridhaa.

Onyo. Mwanafunzi wa kwanza ataumia. Mchague mwenye kujiamini, na umwambie mapema kwamba wewe ulianguka pia. Mimi huwasimulia yangu: nikiwa kijana, katika hospitali moja, nilitaja kaswende kwa sauti kando ya kitanda cha mwanamke saa ya kuona wagonjwa. Yule bibi aliyejifunika leso kwenye kiti, niliyemdhania jirani, alikuwa mavyaa wake. Sikujua nimefanya nini mpaka kesho yake, nilipokuta kitanda kitupu na dawa zimeachwa juu ya kabati.

## Hatua ya 5: Igizo la pili, kwa mpango

Sasa wape mpangilio: keti, jitambulishe, uliza kabla ya kueleza, eleza, sikiliza hofu, mwombe akueleze yeye. Ukutani pasiandikwe zaidi ya hayo. Mwanafunzi wa pili anaingia.

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu.
— Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, bado sijawa daktari. Daktari mwenyewe ni yule aliye kule dirishani, ukitaka nimwite nitamwita. Naweza kukaa?
— Kaa.
— Kabla sijasema langu, wewe waona mtoto ana nini?
— Sisi kwetu twasema degedege.
— Na degedege mwaitibu vipi?
— (kimya) Jana jioni mamangu alimpeleka kwa mzee.
— Alipewa kitu cha kunywa?
— Kombe. Na akafukizwa.
— Ahsante kwa kuniambia. Tangu hapo amepata degedege tena?

Simamisha hapo. Waulize darasa: mwanafunzi amepata nini ambacho fomu isingempa? Amejua mtoto amekunywa nini, amejua saa za ugonjwa, na nyanya sasa yuko ndani ya mazungumzo ingawa yuko nyumbani. Yote kwa sababu hakukunja uso aliposikia "kombe", yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Uso wa mkufunzi nao uangaliwe. Nimeona wanafunzi wakijifunza dharau kwa mwalimu aliyeinua nyusi mara moja tu.

Endelea.

— Mama, tunaogopa kwamba mtoto ana ugonjwa kwenye ngozi inayofunika ubongo. Kujua, tunaingiza sindano nyembamba hapa chini ya kiuno, tunatoa matone ya maji. Atalia, atashikwa asigeuke, na pale patamuuma siku moja mbili.
— Mtoto wa jirani yangu alidungwa hivyo, akafa.
— Pole sana. Hofu hiyo naielewa. Wengi wanaodungwa hapa huwa tayari wagonjwa mahututi, na ugonjwa ule wenyewe ndio unaoua. Sindano tunaiingiza chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Hatari ipo, ni ndogo, na daktari hukagua kwanza kama mtoto anafaa kudungwa.
— Na nikikataa?
— Ukikataa hatutamfukuza. Tutaanza dawa kwa kukisia, ila hatutajua kama ni dawa yenyewe, na huenda akadungwa siku nyingi zaidi ya alizohitaji.
— Babake yuko bandarini, hajui kitu.
— Mpigie. Lakini kwanza niambie mimi: utamwambia tunataka kufanya nini?

Swali hilo la mwisho ndilo roho ya somo. Usikubali mwanafunzi aulize "umeelewa?" Hakuna mtu atakayejibu hapana. Aombe asimuliwe, na abebe lawama yeye: "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri."

Rudieni mpaka kila mmoja amekaa kwenye kiti kile. Wa kiume wafanye na mama mwenye buibui, wajifunze kuuliza "ungependa nesi wa kike awepo?" kabla ya kugusa pazia.

Utajua umefaulu mama akikataa na mwanafunzi asibadilike sauti. Mwagize mama akatae angalau mara mbili kwa siku.

## Hatua ya 6: Sasa leta sheria

Sheria ikitangulia, wanafunzi hutafuta kifungu cha kujikinga. Ikija baada ya igizo, huisoma kama watu wenye shida. Gawa kurasa, kila wawili wajibu swali moja la kisa chetu.

Je, mama peke yake anatosha kukubali? Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa mama na baba wajibu sawa juu ya mtoto, kwa hiyo anatosha. Kumpigia baba simu ni heshima, na heshima ina faida zake, lakini mtoto asicheleweshwe kwa ajili hiyo. Je, mtoto akipata degedege lisilokatika na mama hayupo? Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaruhusu kutibu bila kungoja ridhaa panapo dharura. Lugha je? Sheria hiyo hiyo inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, hatari zake na haki ya kukataa, kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana. Mwanafunzi aliyekuwa akidhani kamusi ya wiki ya kwanza ni mchezo huketi wima hapo.

Mkichukua kisa cha bili, wakumbushe kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake waliojifungua kwa kushindwa kulipa ni kinyume cha Katiba. Zile kanuni nne za wataalamu wa maadili ya tiba Beauchamp na Childress, yaani uhuru wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na haki, zitaje hapa kwa dakika kumi. Zitashika, kwa sababu sasa zina mtu.

## Hatua ya 7: Fasihi, kwa kiasi

Wakufunzi wengi huiruka hatua hii kwa aibu. "Mimi ni daktari, mashairi nitayafundishaje?" Hutafundisha mashairi. Utatumia maandishi kuwazoeza kusikiliza.

Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye, na katika beti za mwanzo anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Soma hizo za mwanzo tu. Uliza: mwanamke huyu, katika mwaka huo wote, ni jambo gani lililomsumbua kuliko maumivu? Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, kitawapa shida kidogo, na shida hiyo ni nzuri. Ndivyo mgonjwa anavyojihisi akisikia raundi yenu. Usiendelee na beti za mke na mume, au saa yote itakwisha kwenye habari za ndoa.

Kisha lile daftari dogo. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa nafsi ya kwanza, kama mama wa mtoto. Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, amelipa umaarufu zoezi la jinsi hii: yasiyoingia kwenye faili la mgonjwa yaandikwe pengine. Wasome kwa sauti, asiyetaka asilazimishwe.

Onyo. Usitoe alama kwa ukurasa huu. Ukitoa, watakuandikia unachotaka kusikia. Na mwanafunzi akilia, usimkimbize nje. Mpe maji, darasa lingoje. Aghalabu kuna mgonjwa wake mwenyewe nyuma ya machozi yale.

## Hatua ya 8: Rudini wodini

Wiki ya tatu, wawili wawili, wanamfuata daktari kwenye raundi na kazi moja: kuhesabu. Mara ngapi mgonjwa aliitwa kwa jina, mara ngapi kwa kitanda au ugonjwa? Pazia lilivutwa? Nani aliulizwa kabla ya kufunuliwa? Waandike idadi, wasiandike majina ya madaktari.

Wataona mengi, na mengine ni yako. Mwanafunzi hufuata alichokiona kwa bosi wake. Ulichomwambia darasani huja baadaye. Hesabu zikitoka mbaya, usizitetee kwa habari ya uhaba wa watu, ingawa ni kweli watu ni wachache. Kuvuta pazia ni kazi ya sekunde tatu.

Baada ya hapo kila mmoja aombe ridhaa ya kweli ya jambo dogo, kama kutoa damu, wewe ukiwa umesimama kando. Usiingilie isipokuwa mgonjwa anadhurika.

## Hatua ya 9: Pima kwa mama, si kwa karatasi

Stesheni, yaani kituo cha mtihani wa vitendo, ya dakika nane, mwigizaji mpya, kisa kipya. Gawa alama nusu kwa nusu: nusu unatoa wewe, nusu anatoa mama. Yeye anajibu maswali matatu tu: Nilijua nazungumza na nani? Nilijua naweza kukataa? Ningekubali mtu huyu amhudumie mwanangu?

Wenzako kazini watapinga kumwachia mtu asiyesoma nusu ya alama. Wakaribishe waone stesheni mbili. Aliyeingia kwa "shikamoo" akamaliza kwa "weka sahihi" huanguka kwa mama, hata kama kwako amekamilisha kila kisanduku.

Aliyeanguka arudie baada ya wiki moja, na mama yule yule ikiwezekana. Hifadhi kisa, kamusi na hesabu za raundi katika faili moja, bila picha yoyote. Nauli ya mama mpe mkononi siku hiyo hiyo kabla hajavuka feri, umuulize kama Jumanne ijayo ana nafasi.